Kujenga Msingi Penye Ardhi Chepechepe

Mambo yampasayo kuyajua kila mwenye nyumba, na kila mpangaji, katika mabonde ya Nairobi

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Mtu apitaye njiani huona mlango, rangi ya ukuta na mabati mapya. Lakini sehemu inayobeba mambo hayo yote imefukiwa chini, wala haikumbukwi mpaka siku itakapoharibika. Sehemu hiyo ni msingi. Katika makala haya twataka kueleza jinsi msingi unavyofanya kazi mahali ambapo ardhi ni laini na maji yako karibu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mashimoni na mitaa iliyo jirani yake. Tena twataka kueleza kwa nini kiwanja kilichobeba chumba cha udongo miaka arobaini bila matata hakiwezi kubeba nyumba ya ghorofa kwa sababu hiyo tu.

MAHALI PENYEWE

Jina la Mashimoni lajieleza lenyewe. Huko Kibera, Mashimoni ni kimoja cha vijiji vyake, pamoja na Laini Saba, Lindi, Kianda, Gatwekera, Soweto, Makina na vinginevyo. Na Mathare nako iko Mashimoni, katika bonde lililochimbwa mawe ya kujengea. Mji wa Nairobi wenyewe ulipata jina lake katika lugha ya Kimasai kutokana na maji baridi. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, kambi na karakana ziliwekwa penye uwanda wa tope karibu na mto, na tangu siku hizo wajenzi wa mji huu hawakuacha kushindana na maji.

Kibera ilikaliwa tangu mwanzo wa karne ya 20 na askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, nao waliiita Kibra, yaani mahali pa msitu. Msitu umekwisha zamani, walakini mteremko umebaki pale pale. Ardhi yashuka hata kufika penye mto Motoine na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Mvua inyeshayo juu ya mteremko huo ina njia mbili: ama ipite juu ya ardhi katika mitaro, ama ipenye chini na kutambaa polepole ndani ya udongo mpaka bondeni. Ndiyo maana kadiri mtu ashukavyo, ndivyo maji ya chini yanavyoukaribia uso wa ardhi. Kawangware, upande wa magharibi wa mji, ina udongo mwingi mwekundu unaopitisha maji vizuri. Lakini kando ya vijito vyake hali ni ile ile ya bondeni.

Kwa mjenzi, ardhi ya Nairobi yafaa kugawanywa mafungu matatu. La kwanza ni udongo mwekundu wa miinukoni, ambao ukiwa mkavu na haujachimbuliwa hubeba nyumba vizuri. La pili ni udongo mweusi wa mahali patambarare na mabondeni. Udongo huu unaponyonya maji huvimba na kuinua sakafu. Unapokauka hunywea na kupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia ndani yake. Nyumba iliyowekwa juu yake hupandishwa na kushushwa kila mwaka, wala kuta zake hazivumilii. La tatu ni ardhi ya kujazwa, yaani taka, majivu, vifusi na udongo uliomwagwa miaka nenda miaka rudi ili kusawazisha shimo au kusukuma ukingo wa mto. Hili ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa taka huoza na kupungua, na hakuna mtu awezaye kusema zitapungua kiasi gani, wala upande gani utatangulia.

MAJI HUUFANYA NINI UDONGO

Watu wengi hudhani kwamba maji hudhuru msingi kwa kuulowesha tu, kama yanavyolowesha sabuni. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili yaweza kuonekana na kila mtu aliyewahi kuteka maji kisimani. Ndoo iliyojaa, ikiwa bado imezama, huvutwa kwa kidole. Inapotoka nje ya maji, kamba hukata viganja. Ndoo ni ile ile, bali maji yalikuwa yakiibeba.

Chembe za udongo nazo ni vivyo hivyo. Nguvu ya ardhi hutoka katika kule kugandamana kwa chembe, kila moja ikiibana nyingine kwa uzito wa zile zilizo juu yake. Maji yakipanda na kujaza nafasi zilizomo kati yao, hubeba sehemu ya uzito huo. Chembe hubanana kidogo, na ardhi hupungukiwa na nguvu. Mchanga ambao maji yamepanda mpaka chini ya msingi hubeba kadiri ya nusu tu ya uzito uliobebwa na mchanga huo ulipokuwa mkavu. Mhandisi Karl Terzaghi, aliyezaliwa Prague mwaka 1883, ndiye aliyelieleza jambo hili kwa hesabu, na kitabu alichokichapisha mwaka 1925 kikawa mwanzo wa elimu ya udongo kama wahandisi wanavyoifuata hata leo.

Udongo wa mfinyanzi una tabia nyingine tena. Matundu yaliyomo ndani yake ni madogo mno, na maji hayatoki upesi. Nyumba mpya inapowekwa juu yake, mzigo hushikwa kwanza na maji yaliyofungiwa humo. Kisha maji hayo hukamuliwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na udongo huzidi kushuka. Kwa hiyo fundi aweza kumaliza kazi, akalipwa, akahama mji, na nyumba ikawa imara machoni pa wote. Nyufa zikaja mwaka wa tatu au wa tano. Mnara wa Pisa huko Italia ni mfano mashuhuri. Ulianza kujengwa mwaka 1173, na haujafika mbali ukaanza kuzama upande mmoja, kwa kuwa udongo wa chini yake ni laini. Kazi ilisimama yapata miaka mia moja. Muda huo uliupa udongo nafasi ya kukamuliwa na kukaza, na wataalamu husema kwamba kama wajenzi wasingalingoja, mnara ungalianguka. Kati ya mwaka 1990 na 2001 wahandisi waliupunguza mwinamo kwa kuchokoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ule usiozama.

Jambo la kushika hapa ni hili: nyumba kushuka si msiba. Kila nyumba hushuka kidogo. Msiba ni kushuka kwa namna isiyo sawa, upande huu inchi moja na upande ule inchi nne.

HESABU YA UZITO

Sasa na tufanye hesabu ambayo kila mwenye kiwanja aweza kuifuata. Tuchukue chumba cha futi 10 kwa futi 10, yaani kama meta 3 kila upande, kilichojengwa kwa mawe ya kuchonga yenye unene wa inchi 8 au 9 na kuezekwa mabati. Kila meta moja ya ukuta, pamoja na msingi wake na sehemu yake ya paa, ina uzito wa karibu tani 1.8. Ikiwa msingi una upana wa senti meta 60, basi ardhi inabeba tani 3 katika kila meta moja ya mraba.

Udongo laini wa mfinyanzi wenye maji hauwezi kuaminiwa zaidi ya tani 7 na nusu kwa meta ya mraba, na mara nyingi hata nusu ya kiasi hicho ni kingi. Kwa hiyo chumba chetu, kikijengwa vizuri, chaweza kusimama.

Haya, mwenye nyumba aona wapangaji ni wengi, naye ataka kuongeza ghorofa juu ya msingi ule ule. Ghorofa moja ina ukuta wake, na sakafu yake ya zege, na watu, na vitanda, na mitungi ya maji. Ukuta wa katikati, unaobeba sakafu za vyumba viwili, huongezewa karibu tani 3 kwa kila meta, nazo zikigawanywa juu ya upana ule ule wa senti meta 60 ni tani 5 kwa meta ya mraba. Hesabu yakwenda hivi: nyumba ya chini peke yake, tani 3, ikiongezwa ghorofa moja, tani 8, mbili, tani 13, tatu, tani 18, nne, tani 23. Ghorofa ya kwanza tu imekwisha kuuvuka mpaka wa udongo laini. Ghorofa ya nne imeuvuka mara tatu.

Mtu aweza kusema, Basi nitapanua msingi. Na ajaribu. Ili zile tani zigawanyike mpaka zifike 7 na nusu, msingi wa nyumba hiyo ya ghorofa nne utataka upana wa meta 1.8 na zaidi chini ya kila ukuta, na vyumba vyenyewe ni vya meta 3. Kama udongo hubeba tani 4 tu, upana utazidi chumba chenyewe, na misingi itagongana. Hesabu hii si ya kujengea nyumba, kwa kuwa kila kiwanja kina hesabu yake. Ni ya kuonyesha kwamba neno "palikuwa na nyumba hapa tangu zamani" si uthibitisho wa jambo lo lote. Nyumba ya zamani ilikuwa ya miti na udongo. Ilikuwa nyepesi, na ardhi iliposogea ilijikunja bila kuvunjika. Mwenyewe aliikandika tena, mambo yakaisha. Nyumba ya mawe na zege haijui kujikunja. Hiyo huvunjika.

KUKIPELELEZA KIWANJA

Kazi ya kwanza haina gharama, nayo ni kuuliza. Waulize wazee wa mtaa palikuwa na nini hapo zamani. Je, palichimbwa mawe au udongo wa kukandikia? Je, kijito kilipita wapi kabla ya kusukumwa? Vyoo vya shimo vya zamani vilikuwa upande gani? Shimo la choo lililofukiwa kwa taka na kusahauliwa ni mtego; ukuta ukipita juu yake utakatika hapo hapo. Mahali panapoitwa Mashimoni maswali haya hayafai kuachwa.

Kazi ya pili ni kuchimba shimo la kujaribia, lenye kina cha futi 6 au 7, mahali pawili au patatu katika kiwanja. Likipita kina cha kifua, mtu asiingie ndani pasipo mbao za kuzuia kingo, maana udongo laini hufunika watu bila kutoa habari. Na usiku lifunikwe, watoto wasitumbukie. Liache mpaka kesho yake, kisha upime maji yalipofika. Wakati ufaao zaidi ni mwezi wa Aprili au Mei, masika yakiwa yamekaza, kwa sababu ndipo maji yanapokuwa juu kabisa. Shimo lililo kavu mwezi wa Februari halina ushuhuda wa kutosha. Ikiwa huna budi kuchimba wakati wa kiangazi, tazama rangi ya udongo: ukiwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu, ujue maji hukaa hapo sehemu ya mwaka. Vile vile mahali panapostawi nduma na mafunjo pamekwisha kusema habari zake.

Kazi ya tatu ni kuushika udongo mkononi. Chukua donge mbichi kutoka chini ya shimo ulifinye. Likitoka katikati ya vidole, udongo ni laini mno, haufai kubeba nyumba ya mawe. Likikandika kwa nguvu ndogo ya vidole, ni laini. Likitaka nguvu nyingi ndipo likubali kukandika, ni la wastani. Na kama vidole haviwezi kulikanda, bali dole gumba huacha alama tu, huo ni udongo mgumu. Watu wa maabara wanavyo vyombo vya kupima zaidi ya hapo, lakini jaribio hili la vidole hata wao hulitumia.

Kwa chumba cha chini, kazi hizi tatu zaweza kutosha, zikitazamwa na fundi mwenye ujuzi. Kwa nyumba ya ghorofa hazitoshi kamwe. Kadiri nyumba ilivyo pana, ndivyo uzito wake unavyoshuka mbali chini ya ardhi; nyumba yenye upana wa meta 10 husikika na udongo ulio meta 10 hata 15 chini. Gamba gumu la juu laweza kuwa limelalia tope. Hapo yapasa kutoboa ardhi kwa mashine na kupima, na kazi hiyo ni ya mhandisi.

NAMNA ZA MISINGI

Msingi wa mfereji uliopanuliwa. Huu wafaa nyumba nyepesi isiyo na ghorofa. Badala ya senti meta 60, zege hupanuliwa mpaka senti meta 90 au zaidi, na nondo hulazwa ndani yake ili mahali palipo laini pavukwe kama daraja livukavyo mto. Tena nondo ziwekwe katika zege linalozunguka kuta juu ya milango na madirisha, ili nyumba ishikamane kama kikapu.

Kuondoa udongo mbaya. Ikiwa udongo mweusi au taka hazizidi meta moja na nusu, ni afadhali kuziondoa zote na kujaza mawe na maramu. Lakini yasimwagwe kwa pamoja. Yatandazwe tabaka za senti meta 15, kila tabaka ishindiliwe sana kabla ya kuwekwa nyingine. Shimo lililojazwa mara moja na kukanyagwa juu juu halijashindiliwa, limefichwa.

Msingi wa bamba zima. Zege lenye nondo hutandazwa chini ya nyumba yote kama mkeka, na uzito wa kuta hugawanyika juu ya eneo lote. Msingi huu hupunguza mzigo wa kila meta, na zaidi ya hayo huifanya nyumba ishuke kwa pamoja. Wahandisi hutumia pia hila nyingine: meta moja ya ujazo ya udongo uliolowa ina uzito wa karibu tani 1.8, kwa hiyo wakichimba na kuondoa udongo wa kutosha kabla ya kujenga, ardhi haitambui tofauti kubwa kati ya mzigo wa zamani na mpya. Nyumba hukaa ardhini kama jahazi majini. Walakini bamba likiwa dogo mno kwa nyumba iliyo nzito mno, nalo litazama.

Nguzo za kushindilia. Ikiwa mwamba au udongo mgumu hauko mbali sana, nguzo za zege au chuma hupitishwa katika tope mpaka zikanyage mahali pagumu. Mji wa Venice huko Italia umesimama juu ya miti iliyoshindiliwa katika tope la bahari, na daraja lake la Rialto, lililokamilika mwaka 1591, lakalia maelfu ya miti hiyo hata leo. Mti uliozama daima hauozi upesi kwa kuwa haupati hewa. Lakini katika mabonde yetu maji hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi. Mti ulioachwa baina ya hali hizo mbili huoza, na mchwa humaliza kazi. Kwa hiyo boriti za mti zisitegemewe kuwa nguzo za nyumba ya mawe.

KUMWAGA ZEGE PENYE MAJI

Msingi uliochorwa vyema waweza kuharibika siku ya kumwagwa. Zege lisimwagwe katika maji yaliyotuama, kwa sababu saruji huoshwa na kubaki kokoto na mchanga. Chimba kishimo katika pembe iliyo chini kabisa, nje ya mstari wa msingi, maji yatiririkie humo, yatekwe kwa ndoo au pampu mpaka zege ligande. Tope la juu likwanguliwe. Kisha iwekwe tabaka nyembamba ya zege hafifu, yapata senti meta 5, ili mafundi wapate mahali safi pa kulazia nondo. Nondo zisiguse ardhi. Ziinuliwe kwa vijiwe vya zege, zibaki na ganda la zege la senti meta 5 au zaidi kila upande, la sivyo maji yatazifikia na kutu itazila. Zege lenyewe liwe la ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, wala maji yasizidishwe kwa ajili ya kulifanya liteleze. Mwisho, juu ya ukuta wa msingi, ulazwe utando wa lami au wa plastiki nzito kabla ya kuta kuendelea, ili unyevu usipande nyumbani na kuwatia watoto kikohozi.

MITARO, NA HAKI YA JIRANI

Rafiki mkubwa wa msingi ni mtaro. Upande wa juu wa nyumba uchimbwe mtaro wa kukatia maji, ujazwe kokoto safi, na ikiwezekana uwekwe ndani yake bomba lenye matundu, liyachukue maji mpaka mtaro wa mtaa. Maji ya paa yapelekwe mbali kwa mfereji wa mabati, yasidondoke kandokando ya ukuta. Na mtaro wa mtaa uliozibwa kwa taka ni adui wa kila msingi ulio kando yake, hata ule uliojengwa kwa fedha nyingi.

Lakini maji yasichezewe bila kufikiri. Ukiyavuta maji ya chini kwa pampu siku nyingi, udongo wa jirani nao hukauka, chembe zake hubanana, na nyumba yake hushuka. Mji wa Mexico, uliojengwa juu ya tope la ziwa la zamani, ulivuta maji mengi visimani kwa muda mrefu, na katika karne ya 20 sehemu za katikati ya mji zilishuka zaidi ya meta 7. Vivyo hivyo, usichimbe msingi wako chini kuliko msingi wa jirani, kando ya ukuta wake, bila ushauri wa mhandisi. Utakuwa umemwondolea ardhi inayomshika.

DALILI ZA HATARI

Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware ni wapangaji. Hawakuchimba msingi, wala hawakuulizwa neno. Hata hivyo wanaweza kusoma dalili. Ufa mwembamba wa plasta, kama unywele, si jambo la kuogopesha. Ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, uliokatiza mawe yenyewe, unaonyesha kwamba upande mmoja unashuka. Andika kwa kalamu alama mwisho wa ufa, pamoja na tarehe. Ukiipita alama, nyumba ingali inasogea. Ufa uliofikia milimeta 5 wataka mtaalamu. Ukipita milimeta 15, hatari ni kubwa. Milango iliyokuwa ikifungwa vizuri na sasa yakwama, sakafu inayoviringisha chupa, mlio wa kukatika ndani ya nguzo, hayo yote ni maneno ya nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unaotoka msingini hauzibwi kwa saruji. Kuufunika kwa plasta ni kuificha habari wapangaji wasiione.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya ghorofa sita iliyojengwa karibu na mto huko Huruma iliporomoka, na watu zaidi ya 50 wakafa. Nyumba huanguka kwa sababu nyingi zilizofungamana: nondo pungufu, saruji haba, ghorofa zilizoongezwa, ukingo wa mto uliolowa. Msingi mzuri hautibu makosa ya juu. Lakini hakuna kazi nzuri ya juu iwezayo kutibu kosa la msingi. Mvua za masika za mwaka 2024 zilifurisha tena mito ya Nairobi, na Serikali ikaamuru watu waliokaa katika meta 30 za kando ya mito waondoke.

Sheria ziko. Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kanuni za ujenzi zilizotumika tangu mwaka 1968 zilifuatwa na Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024. Ramani ya nyumba ya ghorofa yapasa kupelekwa kwa Serikali ya Kaunti ya Nairobi, nayo iwe na sahihi ya mhandisi aliyeandikishwa. Ni kweli kwamba wengi wa wenye nyumba Kibera hawana hati za viwanja vyao, na mtu asiyejua kama atakuwapo mwakani huona uchungu kuzika fedha ardhini. Lakini udongo hausomi hati. Mzigo ukizidi, utashuka chini ya mwenye hati na asiye nayo.

Basi msomaji, ikiwa una kiwanja bondeni na fedha zako hazitoshi kuchimba shimo la kujaribia, kumwita mhandisi na kulaza msingi unaostahili, jenga nyumba nyepesi ya chini, yenye msingi mpana na mtaro mzuri. Nyumba hiyo itakaa, nao walio ndani yake watalala usingizi hata mvua ikinyesha. Na ikiwa wewe ni mpangaji, kabla ya kulipa kodi ya kwanza, usitazame mlango. Zunguka nyuma ya nyumba, utazame ukuta unapoingia ardhini, na maji ya mvua yanakokwenda.